Kilo ya Soko na Kilo ya Hospitali

Ukiniuliza leo mtoto wangu ana miezi mingapi, na mimi nitakuuliza: unataka hesabu gani? Kutoka siku aliyozaliwa, Plamedi ana miezi ishirini. Kutoka siku aliyopaswa kuzaliwa, ana kumi na nane. Hesabu hizi mbili zilinivuruga kichwa muda mrefu. Jirani akisema tu, "Mbona wa kwangu anatembea na wako bado?" nilikuwa naingia ndani nalia nyuma ya pazia. Leo sina nafasi ya kulia. Amefungua kopo langu la vifungo, amemwaga vyote chini, na anatembea juu yake miguu mitupu kama fundi mkubwa anayekagua kazi.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi ya hospitali na mtoto aliyetoka kabla ya wakati, unaambiwa mambo kumi na watu kumi. Usitafute udaktari hapa. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, nikaenda kujifunza kushona. Nitakueleza tu tulivyopita.

Mimba ilikuwa na miezi saba. Watu waliniuliza kama nilikimbia risasi. Tulikuwa tunasema amani imerudi Bunia, lakini ilikuwa amani ya kulala na mzigo umefungwa karibu na mlango, basi kila jambo baya lilitafutiwa risasi. Hapana, nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nashona kola ya shati la mwanakwaya, kwa mama anayenifundisha kazi pale mtaa wa Mudzipela, na moyoni nawaza kibao cha atelie yangu ya kushona ya kesho: herufi nyekundu au za bluu? Nikaona maji sakafuni.

"Mama, samahani, nimemwaga maji ya pasi."

Akageuka. "Maji ya pasi iko hapa mezani. Weye, inuka!"

Mume wangu Héritier anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu. Alinipeleka hospitali polepole kama amebeba mayai, hata waenda kwa miguu wakatupita. Nikawa namfokea, "Kimbia!" Shimo likija, "Polepole!" Maskini, hakujua afuate lipi.

Plamedi alitoka na gramu elfu moja na mia nne. Mguu wake ulikuwa mnene kama kidole changu cha kati. Ngozi nyekundu, mishipa yote inaonekana, masikio yamekunjana kama kola kabla ya pasi. Nilimwangalia nikaogopa, na nikaona haya kwamba nimeogopa mtoto wangu. Muuguzi wa chumba cha watoto wale, Mama Georgette, hakunipa muda wa kuwaza. Alimvua nguo zote, akamwachia kofia na nepi, akamsimamisha katikati ya matiti yangu, akatufunga pamoja kwa kikwembe.

"Kuvezi, ile mashine ya joto, iko moja tu, na ndani muko batoto wawili. Weye ndiye kuvezi yake. Asitoke hapo, ila ukienda kuoga."

Nikawa mashine. Mgongo uliuma, nywele zilianza kutoka, matiti yakawa mawe. Tena kitu kimoja sijawahi kumwambia mtu: tumbo langu lilikuwa tupu, lakini bado nilikuwa nasikia linapigwa teke ndani. Mtoto yuko nje kifuani, na teke liko ndani. Nilidhani akili inaondoka.

Siku zetu hatukuzihesabu kwa majina. Kulikuwa na siku za mpira, mpira ule mwembamba unaopita puani mpaka tumboni. Zikaja siku za kikombe, tone kwa tone kwenye mdomo. Mwisho siku za titi. Hakuwa na nguvu ya kunyonya. "Kunyonya ni kazi," alisema Mama Georgette. "Kwake ni kama weye upande mulima na mufuko wa makala ya kupikia." Kwa hiyo nilikamua kwa mkono. Siku mbili za kwanza nilikamua na kukamua, nikapata kijiko kisichojaa cha maji ya njano mazito. Nikalia, nikasema hili si maziwa. Yeye alikipokea kijiko kwa mikono miwili, kama mtu wa machimbo aliyeona dhahabu, hakumwaga tone.

Mwenye kunitilia nguvu alikuwa mama mkwe wangu. Kila mtu anamwita Mama Kasenyi, kwa sababu anashuka ziwani Kasenyi kununua samaki na kupanda nao kuja kuuza Mudzipela. Sauti yake inafika kabla yake. Kila adhuhuri alileta mchuzi wa samaki na sombe, yale majani ya muhogo, anasimama mbele yangu mpaka sahani iwe nyeupe.

"Kula. Maziwa haitoke ku hewa."

Kisha anageukia mama wengine kwenye benchi, ananusa. "Munanuka maziwa wote humu. Leo mumeshinda samaki yangu!" Tunacheka, na ukicheka maziwa yanashuka, hilo nimeliona kwa macho. Mimi niliwashonea wale watoto kofia kwa vipande vya kitambaa nilivyoletewa kutoka kazini. Kofia inaingia kwenye ngumi yangu. Ilinifurahisha kuona vichwa vyote vya chumba kile vimevaa mavazi ya kwaya.

Nilipoingia, watu walikuwa wanapanda mahindi. Tulipotoka mahindi yalikuwa magotini, na Plamedi alikuwa na gramu elfu moja na mia nane. Mama Georgette alinipa masharti kwa vidole. Mtoto abaki kifuani mchana na usiku. Anyonye kila saa mbili, hata akilala umwamshe. Akimaliza kunyonya, umkamulie tena kwa kikombe, kwa sababu mafuta ya maziwa yanakuja nyuma. Maji hapana, maziwa ya ng'ombe hapana, kitu chochote hapana.

"Mpaka lini?"

"Mpaka afike kilo mbili na nusu. Hapo tutaongea. Na kila siku ya pili unaniletea kwa kilo."

Kwetu siku ya pili ni Jumanne, na kilo ni mzani. Jumanne ya kwanza alikuwa elfu moja na mia tisa. Niliimba njia nzima.

Jumanne ya pili ilikuwa ville morte. Kama hujui, ni siku mji unajifunga wenyewe kwa hasira: maduka hapana, soko hapana, moto hapana, na matairi yanawaka kwenye njia panda. Hatukutoka. Nilikaa na mtoto kifuani nikiwaza amepanda au ameshuka, nitajuaje, wiki nzima nitajuaje? Mama Kasenyi naye alikuwa nyumbani bila kazi, na mzani wake, ile kilo ya kutundika yenye ndoano na mshale, imening'inia kwenye msumari.

Héritier ndiye aliyesema. "Mama, si kilo iko hapa?"

Tulicheka mpaka machozi, kisha tukaona si mchezo. Tulimfunga Plamedi ndani ya kikwembe, Héritier akashika mzani juu, mimi nikaweka mikono chini yake. Mshale ukatetemeka, ukasimama karibu kabisa na mbili na nusu.

"Mbili na nusu!" alipiga kelele Mama Kasenyi. "Nusu kilo kwa wiki moja! Ni mujukuu wangu huyu! Ni samaki ya Kasenyi imepita mu maziwa!" Akacheza, akanishika mikono, akanizungusha. Jirani wakaja kuuliza kuna nini, siku kama ile.

Sasa sikiliza kosa langu. Mama Georgette alisema "hapo tutaongea." Mimi nilishika zile mbili na nusu, yale maneno ya kuongea nikayaacha. Nilifungua kikwembe. Nilimlaza kitandani peke yake, amefunikwa vizuri, na mimi nikanyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu mahindi yapandwe. Kikombe nikakiosha, nikakiweka juu ya kabati. Akilala nilimwacha alale: saa tatu, saa nne, saa tano. Nilirudi kwenye cherehani. Hakulia. Jirani walisema, "Ee, mutoto mutulivu, amezaliwa na adabu." Nilijivuna.

Mtu mmoja tu hakufurahi tena. Tangu Ijumaa, siku aliyorudi sokoni, Mama Kasenyi alikuwa ameishiwa na maneno. Mara mbili aliniambia, bila kunitazama, "Si umufunge tena ku kifua? Iko baridi." Nikamjibu kwa furaha, "Mama, ni mtu mkubwa sasa, ana kilo zake." Akatoka nje.

Jumanne ya tatu tulienda hospitali wote wanne. Nilimvalisha Plamedi kofia mpya. Mama Georgette alimweka kwenye mzani, akaangalia, akamtoa, akagonga mzani, akamweka tena. Mara tatu.

"Elfu moja mia saba na makumi tano," alisema.

"Hapana, Mama. Wiki iliyopita alikuwa karibu mbili na nusu."

"Nani alimupima?"

"Siye. Nyumbani."

Akagusa miguu yake. Ilikuwa baridi. Akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau, si hasira, ni mtu anayetafuta. "Umemupa nini? Maji? Dawa ya miti? Niambie tu, sitakupigia kelele."

"Sijampa kitu. Titi tu."

"Mutoto hawezi kupoteza mingi vile kwa wiki moja na kuwa angali anapumua."

Sikuelewa kitu. Mzani wa kwetu unasema hivi, wa hospitali unasema vile, na mtoto mwenyewe ni mmoja. Nilifikiri labda walibadilisha mtoto. Kweli, nilimfungua kofia nikaangalia sikio lake lililokunjana, nikaona ni yeye. Walimrudishia mpira puani. Tulirudi kwenye benchi ileile, na mimi nilikuwa nimeiaga kwa kuimba.

Kabla ya jua kufika katikati, shangazi ya Héritier alikuwa amepata habari. Tantine Esther ni wa ukoo wenye ng'ombe, na kwake hakuna ugonjwa usiotibiwa na ng'ombe. Alikuja na chupa ya chai imejaa maziwa yaliyochemshwa, ya moto bado.

"Nilisema mimi," alianza, kabla ya kusalimia. "Maziwa ya huyu binti ni maji. Mutoto ananyonya maji, anakojoa maji, atapata kilo wapi? Siye tulikuza batu kwa ng'ombe. Toa kikombe."

Héritier aliniangalia. Alikuwa hajalala, macho mekundu. "Labda tujaribu?" alisema kwa sauti ndogo. "Yako umempa, na ameshuka."

Utaniona mjinga, lakini nilimwamini. Nani alikuwa amemlisha wiki nzima? Mimi. Ameshuka kwa titi la nani? Langu. Nilifungua mfuko, nikatoa kikombe chetu kidogo, kilekile cha matone. Nikakinyoosha kwa Tantine, na nikasema moyoni, basi maziwa yangu yaishe leo.

"Acha," alisema Mama Kasenyi.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amejifunika kichwa kwa kikwembe. Akasimama. Kulikuwa na mama kama kumi pale, na wengine wananunua samaki kwake.

"Maziwa yake haina kosa. Kosa iko kwa kilo yangu."

"Kilo ina nini?" aliuliza Héritier.

"Haiko kilo ya kweli. Resori, springi ya ndani, nililegeza. Ukitundika gramu mia nane, inasema kilo." Sauti yake, ile ya kujaza soko, ilikuwa imekwisha. "Tulipotoka kukimbia vita nilianza na samaki sita. Sita! Kila mutu kwenye soko analegeza. Na bateja wanajua, ndiyo maana wanaomba matabishi. Ninaongeza kasamaki kamoja juu, kila mutu anarudi nyumbani na haki yake. Ni vile tunaishi." Kisha akasema, "Ila mutoto hakupewa matabishi."

Mama mmoja alisema tu, "Ee, Mama Kasenyi."

"Siku ile nilifurahi, nikasahau. Haki ya Mungu, nilisahau. Ijumaa natundika samaki ya kwanza ndipo nikakumbuka. Nikaona haya. Nikasema Jumanne iko karibu, watapima hospitali, watajua wenyewe."

Siku nne. Alijua siku nne.

Mama Georgette alikuwa amesimama mlangoni, hatukujua tangu lini. Aliniuliza mtoto analala wapi na anaamshwa lini, nikamwambia yote. Akachukua kalamu, akaandika mgongoni mwa mkono wake, akahesabu kwa midomo. "Basi Jumanne ile alikuwa karibu kilo mbili," alisema. "Alikuwa anapanda. Alikuwa anapanda muzuri sana. Unasikia, mama? Kwa maziwa yako. Ameshuka ulipomuacha alale na njaa, na ulipomuondoa ku joto. Mutoto mudogo vile halilie njaa. Analala tu." Kisha akamgeukia Tantine, akanyoosha mkono kwa heshima. "Mama, asante kwa maziwa. Tumupe huyu. Yeye akunywe ng'ombe, na mutoto akunywe yeye."

Tantine alifikiri kidogo, akaona hajashindwa, akamimina. Nilikunywa kikombe kikubwa, na mama wa jirani yangu akakunywa, chupa ikazunguka benchi nzima. Nilikuwa nalia ndani ya kikombe. Sijui kama ni kwa furaha au kwa hasira. Watu wanapenda kuniambia, "Ulimsamehe?" Sijui kusema. Mtu aliyenificha njaa ya mwanangu siku nne ndiye aliyemwokoa na kikombe kile mbele ya wateja wake. Nikishika upande mmoja, mwingine unaniponyoka.

Tulikaa siku kumi na mbili. Mama Kasenyi hakushuka Kasenyi siku zile zote. Nikienda kuoga, yeye ndiye alikuwa akimfunga Plamedi kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, ananuka samaki, haongei. Na mtoto alilala pale kuliko kwangu. Hilo nalo lilinichoma na kunifurahisha kwa pamoja. Mpira ukatoka, kikombe kikarudi, titi likarudi. Kilo mbili za kweli. Mahindi yalipovunwa alikuwa na mbili na nusu, za hospitali, na safari hii nilingoja Mama Georgette aongee kwanza.

Niseme na haya kwa haraka, maana najua utauliza. Uji pia ulinichanganya: unaanza miezi sita, lakini ya hesabu gani? Nilimpelekea Mama Georgette swali hilo, akaniambia, "Usiangalie kalenda peke yake. Njoo tumuangalie shingo. Kama kichwa kinasimama, na anafuata kijiko chako kwa macho, tutaanza." Tulianza na uji wa mahindi na soya, mzito, si ule wa kumwagika, na baadaye Mama Kasenyi alitwanga tusamaki tukavu mpaka unga, akachekecha mara mbili kwa kitambaa changu cha bitana. Plamedi alichelewa kukaa. Alichelewa kutambaa, akaanza kwa kurudi nyuma kama moto ya baba yake inayotoka kwenye ua. Kila mara nilifikiri ni kosa la wiki ile. Labda ni la wiki ile, labda ni yeye tu na saa yake. Nimechoka kutafuta. Unampa chakula, unazungumza naye, unamwekea vifungo mbali kidogo avifuate.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni ya kilo tano.

Hospitali walimpima asubuhi: tano kamili, imeandikwa kwenye kartasi. Njiani kurudi, Mama Kasenyi akaniambia, "Nipe mutoto kidogo. Na kartasi yake." Nilimfuata mpaka mezani kwake sokoni. Alikuwa amekwisha kukaza resori kwa fundi tangu wiki nyingi, lakini habari ya benchi ilikuwa imefika Mudzipela yote, na hakuna aliyemwamini. Wateja walipita wakiita, "Mama Mia Nane, salama?"

Alimfunga Plamedi ndani ya kikwembe, kama siku ile. Mikono yangu ikaenda chini yake yenyewe.

"Muje muone!" Sauti ilikuwa imerudi. "Huyu ni kilo tano za hospitali! Anayejua kusoma asome kartasi! Mama nani, soma!"

Mwanamke mmoja alisoma kwa sauti. Watu wakasogea. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukapita tano kidogo.

"Aaa! Imepita!" walipiga kelele.

"Ni kikwembe!" Akatoa mtoto, akanipa, akatundika kikwembe peke yake. Mshale ukainuka kidogo tu, kama kile kilichozidi. Akasimama, mikono kiunoni, anatoka jasho kuliko siku za jua kali. Plamedi alikuwa anauangalia ule mshale, mdomo wazi, mate yanadondoka.

Kisha mteja mmoja wa zamani, aliyekuwa na sangala mkononi tayari, akauliza, "Sawa, kilo ni kilo. Na matabishi yangu je?"

Mama Kasenyi alinyoosha kidole kwa Plamedi, kifuani mwangu.

"Matabishi yalikwisha," alisema. "Alikunywa yote huyu."